Mitandao ya Kijamii si ya Jamii

Kuna sentensi moja ambayo siku hizi inatawala vijiji vya mwambao wetu wa Ziwa Nyasa kuliko sheria ndogo zote za halmashauri, nayo ni hii: "Tangazo lilitolewa kwenye grupu." Husemwa na mtendaji, husemwa na katibu wa ushirika, husemwa na mwalimu, husemwa na mzee wa kanisa, na sasa, kwa aibu yetu sote, husemwa hata na washairi. Ikishatamkwa, shauri limekwisha. Bibi aliyefika zahanati siku ya pili baada ya wageni wa macho kuondoka hana la kusema. Mzazi aliyepitwa na mkutano wa chakula cha shule hana la kusema. Tangazo lilitolewa kwenye grupu, na asiyeliona amejitakia.

Nasema kwamba sentensi hiyo ni ya uwongo, ingawa wengi wanaoitamka ni watu wakweli. Ni uwongo wa mtu aliyekabidhiwa chombo akakielewa vibaya matumizi yake, kama mgeni anayepewa kata ya maji akaifanya kofia, kisha akawakasirikia wenyeji kwa kuwa hawamwamkii kwa heshima ya kofia. Na kwa kuwa kosa lenyewe, kwa maoni yangu, lilianza katika tafsiri, nimeona si vibaya mtu wa tafsiri alisemee.

Shule yangu iliishia darasa la saba. Kiingereza nilicho nacho nilikiokota katika Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, nakala iliyokwisha kupotewa na jalada na kurasa za herufi A, hata ikanichukua muda kujua kwamba Waingereza nao wana maneno yanayoanza kwa herufi hiyo. Mtu anayejifunza lugha kwa njia hii, bila mwalimu wa kumsahihisha, hugundua mapema kwamba neno likitafsiriwa vibaya halikai kimya kitabuni. Huondoka likaenda kufanya kazi. Hujenga nyumba, hutunga sheria, hugombanisha watu.

Tulitazame basi neno letu. Tunasema "mitandao ya kijamii". Neno la Kiingereza lililosimama nyuma ya hilo "kijamii" lina nyuso mbili. Uso wa kwanza ni jamii kwa maana ya umma, wale watu wote wanaoishi chini ya utaratibu mmoja. Kwa uso huo tunasema huduma za jamii, ustawi wa jamii, maendeleo ya jamii. Uso wa pili ni maingiliano ya watu wanaojuana na kutafutana kwa raha yao: chai ya jioni, kuzungumza ukumbini, kwenda harusini, kukaa matangani. Waingereza hutumia neno lile lile kwa karamu ya waumini baada ya ibada na kwa pensheni ya wazee, wala hawachanganyikiwi, maana wamelizoea. Walioviunda vyombo hivi walikuwa wakiuangalia uso wa pili. Facebook ilianza mwaka 2004 kwa wanafunzi wa chuo kimoja, Harvard, na jina lake lilitokana na daftari la picha na majina ambalo wanafunzi wa vyuo vya Marekani hupewa ili watambuane sura. Haikufunguliwa kwa watu wote hadi Septemba 2006. Kabla yake palikuwa na SixDegrees ya 1997 na Friendster ya 2002, na Hi5, ambayo vijana wetu wa mijini waliipapatikia kabla hawajahamia kwingine. Shabaha ya vyote hivyo ilikuwa moja: fulani amjue fulani, amwone yuko wapi, amsalimu.

Sisi tukachukua uso wa kwanza. Na masikio yetu si masikio matupu. Mtanzania aliyelelewa katika kivuli cha Azimio la Arusha akisikia "ya kijamii" husikia kisima cha kijiji, zahanati, shule ya msingi, duka la ushirika. Husikia kitu ambacho ni cha wote, kilichowekwa kwa ajili ya wote, na ambacho mwenye mamlaka ana haki ya kukitumia kuwafikia wote. Laiti tangu mwanzo tungesema "mitandao ya usuhuba", nina hakika hakuna mtendaji ambaye angethubutu kubandika tangazo la chanjo katika usuhuba wake na watu themanini na saba, kisha akaandika katika taarifa kwamba wananchi wamejulishwa. Hata neno "mtandao" lenyewe lilikuwa na bahati mbaya. Mwaka 2005, kabla wengi wetu hatujagusa intaneti, wanamtandao walikuwa ni kundi la wanasiasa waliojipanga nyuma ya mgombea mmoja, na watu walikwisha kuzoea kwamba mtandao ni mahali ambapo mambo makubwa ya nchi hupangwa.

Yapo na maneno mengine. "Rafiki" akawa mtu yeyote aliyebonyeza mahali. "Mfuasi", neno tulilokuwa tumewawekea watu wa mitume na wa masheikh, akawa mtu aliyeipita picha yako akiwa kitandani. Ndugu zangu wa visiwani, ambao hulinda neno kama watu wanavyolinda mlango, mtaniambia kama naongeza chumvi. Lakini jaribuni kumweleza kijana mwenye wafuasi elfu sita kwamba hana hata mmoja atakayemsindikiza kituo cha basi.

Najua pingamizi mtakayoileta: "Hili ni baraza. Sisi tuna mabaraza karne na karne, na grupu ni baraza lililoingia mfukoni." Ni pingamizi nzuri na ndiyo inayopotosha zaidi, kwa sababu ni tamu. Baraza lina mwenyewe, naye huonekana akitoka na kuingia. Baraza lina njia inayopita mbele yake, na mpita njia ambaye hakualikwa husalimu, hudakia neno, hubisha, huenda zake. Zaidi ya hayo, barazani pengo huonekana. Mzee asipofika siku mbili, watu hutazama mahali pake na kuulizana. Katika grupu asiyekuwepo haonekani kabisa. Ile orodha ya majina inaonyesha waliomo tu, na kadiri inavyorefuka ndivyo tunavyozidi kuamini kwamba tumo wote. Hilo ndilo jambo ninalotaka mtu anipinge kwa hoja: chombo kinachomficha asiyekuwepo hakiwezi kuwa chombo cha kuwatangazia watu wote.

Na mwenye nyumba ni nani? Mwezi wa Aprili 2018 Mark Zuckerberg aliitwa mbele ya maseneta wa Marekani, na mmoja wao, mzee Orrin Hatch, akamuuliza anaendeshaje biashara ambayo watumiaji wake hawalipi. Jibu lilikuwa fupi kuliko kibwagizo: wanaendesha matangazo. Mwaka 2023 kampuni yake, ambayo tangu Oktoba 2021 inaitwa Meta, iliingiza zaidi ya dola bilioni 134, na zaidi ya asilimia 95 ya fedha hizo zilitokana na matangazo. Tazama jinsi Kiswahili kilivyotuchezea hapa pia. "Tangazo" kwetu ni lile la mkutano na "tangazo" ni lile la sabuni. Neno moja, shughuli mbili. Tumepeleka matangazo yetu katika nyumba iliyojengwa kwa matangazo, tukadhani tumefika kwetu. Kumbe nyumba ile hupanga nani aone nini, na kwa zamu ipi, kwa kufuata lile litakalomfanya mtu akae akitazama. Mwaka 2012 watafiti walichezea mpangilio huo wa Facebook kwa watu 689,003 bila kuwaambia, ili waone kama mtu akipunguziwa habari za furaha naye ataandika kwa huzuni. Matokeo yakachapishwa mwaka 2014 katika jarida la kisayansi, na dunia ikashtuka kwa wiki moja. WhatsApp, ambayo ndiyo mfalme wa mwambao huu, haipangi namna hiyo, lakini ni mali ya mwenye nyumba yule yule: aliinunua mwaka 2014 kwa dola bilioni 19. Sitaki kuhubiri kuhusu ubepari. Nataka tu ijulikane kwamba kisima hiki si cha kijiji.

Kizazi changu kiliwahi kuwa na mtandao wa usuhuba, na hatukuuelewa vibaya hata siku moja. Nazungumzia salamu za redioni. Kadi zilizochapwa tayari ziliuzwa dukani. Ulinunua, ukaandika jina lako na lakabu yako, mahali ulipo, na chini yake majina ya wale unaowasalimu, kisha ukaitia posta kwenda Radio Tanzania Dar es Salaam. Siku ya siku mtangazaji aliisoma: salamu zimfikie fulani popote pale alipo, zimfikie na fulani, na ujumbe unasema hivi. Ujumbe wenyewe ulikuwa methali au nasaha ya maneno sita. Wakenya walikuwa na zao, na hadi leo vyama vya watuma salamu havijafa. Watu waliosalimiana redioni miaka mitano bila kuonana walikuja wakatembeleana, wakaoana, wakazikana. Ilikuwa raha kubwa, na mimi ni mmoja wa walioinywa. Lakini ilipokuja habari ya kifo, au ya mtihani, au ya kipindupindu, redio ile ile ilikuwa na saa nyingine na sauti nyingine: saa ya taarifa ya habari na saa ya matangazo ya vifo. Hakuna aliyewaza kuipenyeza habari ya kipindupindu katikati ya salamu kwa shemeji. Kila jambo lilikuwa na kiti chake, na msikilizaji alijua ni kiti gani kinazungumza.

Sasa nije kwenye upepo, maana ndio ulionishikisha kalamu.

Ziwa letu lina upepo uitwao mwera. Hutoka kusini-mashariki, na kati ya Mei na Agosti huvuma kwa namna ambayo watu wa bahari, waliozoea kusi lao, wasingetarajia katika maji baridi. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku usio na mwezi, wenye taa, kwa sababu dagaa hufuata mwanga. Hutoka kwa mitumbwi na maboti, na aliye na akili huiacha simu nyumbani, kwa kuwa maji hayasamehe simu. Walio wengi simu yao ni kitochi. Mwenye simu janja anahitaji bando, na bando hununuliwa kwa fedha ya dagaa ambao bado wamo majini. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi kwa Ziwa Nyasa, na hutoa kwa wakati. Jambo hilo ni jema. Baada ya hapo tahadhari inashuka ngazi kwa ngazi: mkoa, wilaya, kata, na ikifika mwisho wa ngazi inatupwa katika grupu. Humo inakuta picha ya keki ya siku ya kuzaliwa, mahubiri ya dakika kumi na nne, mchango wa msiba, na mtu anayeuza kitanda. Saa mbili usiku walimu wanaisoma. Wenye maduka wanaisoma. Mtoto wa mvuvi anayesoma Songea anaisoma. Baba yake amekwisha kuwasha taa katikati ya ziwa.

Usiniambie kwamba grupu ni bora kuliko kimya. Kimya kingemlazimisha mtu kutembea. Zamani balozi wa nyumba kumi alikuwa akitembea. Kengele ya kanisa iligongwa kwa mlio uliokuwa na maana yake. Wazee wa ufukweni walikataza mitumbwi kushuka. Siyasifu hayo kwa kuwa ni ya zamani, maana watu walizama zamani pia. Ninachosema ni kwamba grupu limempa mwenye wajibu njia ya kujiona ametimiza wajibu akiwa ameketi. Alama mbili ndogo za buluu zimekuwa stakabadhi. Na stakabadhi ikishapatikana, nani atatembea?

Hapa kwetu pana historia ambayo ingetosha kutufunza. Liuli, mwambao huu huu, Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake unaofanana na sanamu ya Misri. Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imevutwa juu ya nchi kavu ikifanyiwa matengenezo. Meli ya Waingereza, Gwendolen, ikatokea chini ya Kamanda Rhoades, ikaanza kuipiga mizinga. Nahodha Mjerumani, aitwaye Berndt, akapanda mashua ndogo akapiga kasia kuelekea kwenye mizinga, akimfokea Rhoades amepatwa na nini, amelewa au ana wazimu. Walikuwa marafiki, walizoea kunywa pamoja meli zao zilipokutana. Habari ya vita kutangazwa Ulaya ilikuwa imemfikia mmoja na haijamfikia mwingine. Berndt akachukuliwa mateka, na wanahistoria wakaliandika tukio hilo miongoni mwa mapambano ya kwanza ya majini katika vita vile. Watu hulisimulia kama kichekesho. Mimi hulisoma kwa namna nyingine. Usuhuba wa manahodha wawili ulikuwa mzima kabisa, haukukatika hata siku ile. Kilichokosekana ni waya wa simu wa serikali. Aliyekuwa na usuhuba bila waya ndiye aliyekwenda kifungoni.

Na waya wetu nao tumeufunga juu ya usuhuba, hivyo vinakatika pamoja. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Siijadili siasa yake hapa; wapo wanaoijadili na wapo walioilipia. Nauliza swali la mtu wa kijijini: ofisi ambayo haina njia nyingine ya kusema na wananchi isipokuwa grupu, siku zile ilisema nao vipi? Mwezi Mei mwaka huo huo mtandao wa X ulikuwa umekwisha kufungwa, na waliokuwa wameufanya meza yao ya kazi wakajikuta wamesimama. Mlango usio wako, ufunguo wake hauna mtu wa kukuuliza kabla ya kuugeuza.

Niwageukie sasa wenzangu wa kalamu, ambao nawapenda zaidi na kwa hiyo sitawapunguzia.

Mhariri mmoja, ambaye sitamtaja wala sitataja alikokuwa, aliwahi kunirudishia utenzi akisema kwamba amechungulia ukurasa wangu akaona "hauna watu". Utenzi wenyewe hakuusoma. Alikuwa ametafuta hukumu mahali ambapo hukumu haikai. Kile kidole gumba cha kupenda, ambacho Facebook ilikianzisha mwaka 2009, kiliwekwa ili mtu amwonyeshe sahibu yake kwamba amemwona, kama vile unavyoinua mkono ukipishana na mtu njiani. Ni ishara ya adabu. Shangazi yangu akikipenda kipande changu cha shairi anasema, "Mwanangu, nimeona uko mzima." Nikihesabu mapenzi ya shangazi na binamu nikayaita hukumu ya wasomaji, nimemdhulumu shangazi kwanza, kwa kumfanya mhakiki bila ridhaa yake, kisha nimejidhulumu mimi.

Tazama kilichotokea kwa majibizano. Mambo Leo, gazeti la mwezi lililoanzishwa mwaka 1923, lilikuwa na kurasa ambamo malenga wa Tanga aliulizwa na malenga wa Pemba, na jibu lilikuja baada ya miezi. Miezi hiyo haikuwa bure. Aliyeulizwa alitembea na swali, akalilaza, akaliamsha, akahesabu mizani, na alipojibu alijibu kwa vina vya mwenzake. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, watu wa vina na mizani na watu wa shairi huru walipigana kwa miaka, wakapigana kwa vitabu, kwa utangulizi wa diwani, kwa makongamano. Ugomvi ule umetuachia rafu nzima ya maandishi ambayo mtu wa darasa la saba kama mimi aliweza kujisomea na kujifunza pande zote mbili. Nani atakuja kujifunza nini kutokana na ugomvi wa washairi wa leo, ambao huanza saa tatu usiku kwa beti, hufika saa nne kwa matusi, na saa tano msimamizi wa grupu amewafuta wote wawili? Sisemi kwamba ugomvi wa sasa ni mdogo kuliko ule. Nasema umefanywa sebuleni, na sebuleni watu hufagia.

Wako wanaoniambia, "Lakini tunahifadhi. Mashairi yangu yote yako kule." Hawajui kwamba sebule haina ghala. MySpace, iliyokuwa kubwa kuliko Facebook wakati mmoja, ilitangaza mwaka 2019 kwamba nyimbo zilizowekwa humo katika miaka yake kumi na miwili ya mwanzo zimepotea wakati wa kuhamisha mitambo. Mwaka huo huo Google+ ilifungwa kwa watu wa kawaida, na kila kilichokuwemo kikafutwa. Hapakuwa na hila katika hayo. Wenye nyumba hawakuwahi kuahidi kutunza, waliahidi kukutanisha. Sisi ndio tuliosikia ahadi ambayo haikutamkwa. Nawajua malenga wawili wa mwambao huu ambao kazi yao ya miaka saba ilikuwa ndani ya simu, na simu ikaanguka ziwani. Daftari la kaunta shilingi elfu chache lingewaokoa.

Upande wa pili wa kosa hili wamesimama watunga sheria. Nitawapita haraka, kwa kuwa kosa lao ni lile lile limevaa kofia ya polisi. Wao pia walisikia "kijamii" wakafikiri ni utangazaji kwa umma, hivyo Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zikamtaka hata mwenye blogu ya mapishi akate leseni kwa mamilioni ya shilingi, kama kwamba ana mnara wa redio. JamiiForums, ambayo kwa kweli haikuwa usuhuba bali jukwaa la hoja tangu ilipoanza mwaka 2006, na ambayo watu wengi huitumia bila kujuana, mwanzilishi wake alikamatwa Desemba 2016, na Septemba 2025 jukwaa lenyewe likasimamishwa kwa siku 90. Kwa hiyo penye jukwaa halisi palifungwa kana kwamba ni uvumi wa sebuleni, na sebule zilitozwa leseni kana kwamba ni majukwaa. Sijui kama tafsiri moja imewahi kugharimu zaidi katika lugha yetu.

Huenda msomaji ameanza kuniona mzee wa kupiga marufuku. Hapana. Ninayo simu janja na ninayo magrupu matatu: la ukoo, la msiba, na la watu sita tunaotafsiri. Na kuna jambo moja ambalo chombo hiki kinalifanya vizuri kuliko chochote nilichokiona maishani, nalo ndilo tunaloliona dogo kuliko yote.

Ni ujumbe wa sauti. Mama asiyejua kusoma, ambaye maisha yake yote alilazimika kumwomba jirani amsomee barua ya mwanawe na kwa hiyo kila siri ya nyumba yake ikapita kwanza katika kinywa cha jirani, leo anabonyeza, anazungumza Kinyasa chake, anaachia. Mwanawe yuko Dar es Salaam, au Mtwara, au Afrika Kusini. Anasikia kikohozi cha mama. Anasikia jogoo. Anajua kwamba mvua imenyesha kabla hajaambiwa, maana anausikia mlio wa bati. Nimewahi kukaa karibu na mama mmoja akipeleka salamu namna hii. Alitumia robo saa nzima, akaamkia kwa mpangilio kamili, baba mkwe, mke, watoto kwa majina, mpaka jirani wa kule ambaye hajawahi kumwona, na hakutaja shida hata moja. Hiyo ndiyo kazi ya chombo hiki. Lugha zetu za mwambao, Kinyasa na Kimanda, ambazo hazina gazeti wala kituo cha redio cha kuzitosha, zimepata humo mdomo ambao hazijawahi kuupata. Msomi anayetaka kujua Kimanda kinasemwaje leo hana haja ya kwenda maktaba. Aombe ruhusa ya kusikiliza sauti hizi, na aombe kwa adabu, kwa sababu si zake.

Ndiyo maana nakasirika. Sauti ile ya mama inafika katika grupu la ukoo na kukuta imefunikwa na tangazo la mtendaji, tahadhari ya upepo, mwaliko wa semina, hotuba ya mbunge na shairi langu. Vyote hivyo vina mahali pake pengine. Yeye hana pengine. Tumelijaza soko katika chumba pekee cha mtu wa kuzungumza na mwanawe, kisha tunashangaa kwamba wazee wanasema simu zimekuwa na kelele.

Basi madai yangu ni machache. Mhariri asome shairi lililo mbele yake. Malenga aandike kwa wino, kisha akitaka ampelekee shangazi beti mbili. Na kwa habari ya mwera: kata ina mtendaji, vijiji vina wenyeviti, ufukwe una viongozi wa wavuvi wanaojulikana kwa majina, kanisa lina kengele, msikiti una kipaza sauti, na jioni mitumbwi yote hushukia mahali pale pale panapojulikana. Tahadhari ikija, kengele igongwe, mtu ashuke ufukweni kabla ya saa kumi na mbili, asimame pale taa zinapotiwa mafuta na betri, aseme kwa kinywa chake, na bendera nyekundu ipandishwe mtini ili hata aliyechelewa aione. Akimaliza, akiwa bado ana bando, aandike na kwenye grupu.